Maswali yenu kuhusu viti mwendo vya umeme: pima mlango kabla hujanunua kiti

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu viti mwendo vya umeme, kwahiyo nimeamua nizijibu kwa pamoja. Baadhi nimezifupisha na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyojiita. Kazi yangu kwa miaka mingi ni kupima watu na kuwarekebishia viti, najibu kama fundi anayekaa chini sakafuni na spana akimwangalia mtu anavyokaa, mambo ya dawa na upasuaji muulizeni daktari wenu.

Shikamoo fundi. Baba yetu ana miaka 78, mwaka jana alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Sisi watoto tumechanga hela tunataka tumnunulie kiti cha umeme, tena kile cha juu kabisa maana baba ametuhangaikia sana. Kuna chenye magurudumu sita, kuna cha kukunja na kuna skuta. Tuchukue kipi? – Binti Mkubwa

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kumkumbuka mzee. Sasa kabla hamjatuma hela popote chukueni tepu mpime mlango wa chumba chake, wa choo na ule wa kutokea nje, na mpime uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, sio fremu kwa fremu, manake ubao wa mlango nao unakula nafasi yake. Niliwahi kuitwa nyumba moja nikakuta kiti kipya kabisa kimewekwa sebuleni kimefunikwa shuka. Kilizidi mlango wa choo kwa sentimita tatu, na yule mama kila akitaka kujisaidia alikuwa anabebwa mgongoni na mwanae wakati kiti kipo pale pale kinamwangalia. Sentimita tatu tu. Ile picha haijanitoka.

Mkishapima nyumba mpimeni mzee mwenyewe akiwa amekaa. Upana wa kiti ufuate nyonga zake, kisimbane lakini kisimpwaye, manake mtu wa kiharusi kiti kikiwa kipana ataegemea tu ule upande dhaifu, leo kidogo kesho zaidi, mpaka uti wa mgongo unapinda. Kutoka mgongoni kuja mbele, kiti kiishie vidole viwili vitatu kabla ya kufika nyuma ya goti, kikizidi hapo ataanza kuteleza kuja mbele na kukaa kama amelala, na mtu akikaa hivo hata chakula hakipiti vizuri kooni. Na pa kuwekea miguu pasiwe juu sana wala chini sana, mapaja yalale yote kwenye mto.

Sasa hayo magurudumu. Kiti chenye sita, yale mawili makubwa yanayosukuma yanakuwa katikati, chini kabisa ya mwili wa mtu, kwahiyo kinageuka papo hapo kilipo, kwenye korido nyembamba na chooni hakuna kinachokishinda. Ubaya wake ni nje kwenye mashimo, yale madogo ya mbele na nyuma yakikanyaga pa juu yale makubwa yanabaki yananing'inia yanazunguka bure. Chenye mota nyuma kinatulia kikienda kasi ila kugeuka kinataka nafasi. Chenye mota mbele kinapanda vizingiti na kokoto vizuri lakini nyuma yake inafagia, ukikata kona unagonga kabati. Kwahiyo ulizeni siku ya mzee inapita wapi. Kama muda mwingi ni ndani, hicho cha magurudumu sita ndo chake.

Cha kukunja ni chepesi, vingi vina kilo 20 hadi 30 hivi na kinaingia kwenye buti la gari, ni kizuri kwa anayekaa saa chache afu anahamia kwenye kochi. Kwa anayeshinda juu yake kutwa nzima siwashauri, mkao wake ni wa kawaida tu na wala vingi haviinami. Skuta msahau kwa huyu mzee, inataka mtu anayekaa wima mwenyewe bila kushikiliwa na mikono yote miwili ya kushika usukani.

Kuna jambo moja nataka mlisome mara mbili. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mwili unalegea kushoto kama wa baba, na wengine ubongo wao unaacha kabisa kuujali upande wa kushoto, macho yanaona lakini akili haipokei. Nilimpima mzee mmoja wa namna hiyo, vifundo vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na michubuko mipya juu ya ile ya zamani, na watoto walikuwa wanamgombeza kwamba hayuko makini, kila akipita mlangoni anajigonga ubavu ule ule. Nikamwekea sahani ya chakula, akala nusu ya kulia akasema amemaliza. Hapo ndo wakaelewa. Mtu wa hivo anaweza kujifunza kuendesha, wengine wanaweza kwa mazoezi ya kugeuza kichwa kila mlango, wengine hawawezi na inabidi kuwe na joistiki, yaani kile kijiti cha kuendeshea, ya pili nyuma ya kiti ya msaidizi. Lakini hilo lijulikane kabla ya kununua, mtu wa fizio au wa tiba kwa vitendo ampime kwanza.

Na kizingiti cha nje wekeni rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi. Hesabu yake ni moja kwa kumi na mbili, kila sentimita moja ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu, yaani ngazi ya sentimita 15 inataka rampu ya mita 1 na sentimita 80. Msiambiwe kiti kina nguvu kitapanda tu, kupanda kinapanda, swali ni kitaangukia wapi.

Mimi niliumia uti wa mgongo, nina kiti cha umeme kinacholala nyuma kwa batani. Nilidhani kiti kikilala vidonda havitokei lakini mwaka huu hiki ni cha pili kwenye makalio. Shida nini? – Kijana wa Magurudumu

Pole sana kaka. Kitu cha kwanza, kama kidonda kiko wazi sasa hivi usikikalie, nenda hospitali kikaangaliwe, haya mengine ni ya kuzuia cha tatu.

Kuna kulala na kuna kuinama, na watu wengi wanavichanganya. Kulala ni pale mgongo wa kiti unaporudi nyuma lakini sehemu ya kukalia imebaki pale pale. Kuinama ni kiti kizima kinabinuka nyuma kama kilivyo, magoti yanapanda, nyonga na mgongo haviachani. Kiti kikilala tu mwili wako unateleza lakini ngozi imeng'ang'ania mto, nyama inaenda huku ngozi inabaki kule, na huo mvutano unaua mishipa midogo ya damu chini chini kabla hujaona chochote juu. Inawezekana hicho kiti chako ndo kinachokuumiza huku unadhani kinakupumzisha.

Kinachoondoa uzito kwenye makalio ni kuinama, na kuinama kwenyewe sio kwa kuonja. Nyuzi 15 zinakupa raha tu, damu haijapata njia. Anzia nyuzi 30 kwenda juu, wengine wanahitaji hata 45, kila nusu saa hivi, dakika mbili tatu, na weka alamu kwenye simu manake ukiwa na maongezi matamu utasahau. Kama kiti chako kina vyote viwili, inamisha kwanza afu ndo ulaze, na ukirudi anza kunyanyua mgongo, kisha ndo ushushe kiti. Ukikosea huo mpangilio ile kuteleza inarudi.

Angalia na mto. Mto wa sponji unachoka, ubonyeze kwa ngumi, ngumi ikigusa ubao chini ujue umekufa. Mto wa hewa unataka upepo wa kiasi, watu wanaujaza mpaka unakuwa mgumu kama mpira wakidhani ndo vizuri, wakati unatakiwa mwili uzame ndani yake bila kugusa chini. Na jioni jiangalie na kioo au umwombe mtu. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu, sasa kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, tafuta pale palipokuwa peusi zaidi au zambarau kuliko pembeni, paguse kama pana joto au pamekuwa pagumu au pamekuwa teketeke. Ukipakuta hivo siku hiyo usikae juu yake hata kama ngozi haijachanika.

Betri za kiti cha mama zimekufa kabla hata ya mwaka, fundi wa magari mtaani anasema atafunga za gari ni zile zile. Kweli? – Mwana

Hapana, usikubali. Betri ya gari imetengenezwa kutoa moto mkubwa kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Ya kiti inatoa moto kidogo kidogo kutwa nzima, ukifunga ya gari itachoka upesi sana, na nyingi zina asidi ya majimaji, kiti kikiinama inamwagika karibu na miguu ya mama ambayo pengine haisikii hata kuungua. Viti vingi vikubwa vina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kupata 24, zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, ukichanganya mpya na ya zamani ile ya zamani inaivuta mpya chini.

Kuhusu kufa mapema, mara nyingi ni kuchaji. Hizi za kawaida zenye madini ya risasi ndani hazitaki kukaa na njaa. Mkirudi jioni chomeka, hata kama zimeshuka kidogo, iache usiku kucha mpaka taa ya chaja ibadilike. Mama akilazwa wiki tatu kiti kikakaa pembeni bila chaji, hapo ndo zinapofia. Za lithiamu ni tofauti, hizo tumia chaja yake yenyewe tu, na ikidondoka ikavimba au kupasuka usiichaji tena na usilale nayo ndani.

Na kabla hujasema betri zimekufa, angalia vile vishikio vidogo pembeni ya mota vya kuachia gia. Mtu akivigeuza ili akisukume kiti kwa mkono afu akasahau kuvirudisha, kiti kinawaka lakini hakiendi. Nimetembea mbali sana kwenda "kutengeneza" kiti ambacho dawa yake ilikuwa kurudisha kile kishikio. Na kikiwa hivo hakina breki, kwahiyo kisiwe kwenye mteremko mtu akiwa juu yake.

Mama ana Parkinson, mkono unatetemeka na kiti kinaenda kwa kushtuka shtuka, amegonga ukuta mara mbili na sasa anakiogopa. Tukirudishe? – Kitinda Mimba

Msikirudishe kwanza. Kiti cha umeme kina programu ndani, na kikitoka kiwandani kinakuwa na mpangilio wa mtu wa kawaida. Kuna kasi ya juu, kuna jinsi kinavyoanza kuondoka, jinsi kinavyosimama, kasi ya kukata kona, na vingi vina kitu cha kuchuja mtetemo ili joistiki isubiri kidogo kujua kama mkono umekusudia au umetikisika tu. Aliyewauzia ana kifaa cha kuingia humo. Mwambieni aje nyumbani, amweke mama kwenye kiti, abadilishe kitu kimoja, mama aendeshe, abadilishe kingine. Kufanya dukani mama akiwa hayupo ni kubahatisha.

Kwenye kona hasa ndo mshushe sana, wengi wanagonga kwa sababu ya kona kuliko mwendo wa kwenda mbele. Afu badilisheni kile kichwa cha joistiki, kuna cha duara kama mpira mdogo, kuna cha umbo la U ambacho kiganja kinakaa ndani, na kiwiko kipate pa kuegemea, manake mkono unaoelea hewani unatetemeka zaidi. Na mjue saa zake. Dawa ikiwa imekolea mama ni mtu mwingine kabisa, ikikaribia kuisha mwili unaganda, kwahiyo mazoezi na safari viwe kwenye ile saa nzuri, na kiti kipangiwe mipangilio miwili, wa saa nzuri na wa saa mbaya, anabadilisha kwa batani.

Lingine dogo. Kabla ya kumhamisha mama kwenda kitandani, zimeni kiti. Mkono wa shati au kona ya shuka ikinasa joistiki kiti kinaruka, na mtu akiwa nusu ameshasimama anaanguka vibaya.

Mume wangu ana ule ugonjwa wa neva unaoua misuli taratibu. Saivi anaendesha kwa mkono wa kulia lakini vidole vinaanza kukataa. Mikono ikiisha kabisa ndo basi? – Mke

Dada yangu, sio basi. Injinia wa Kanada anayeitwa George Klein ndo aliongoza kutengeneza kiti cha umeme cha mwanzo kilichofanya kazi ya kweli, baada ya Vita Kuu ya Pili, na alikifanya kwa ajili ya wanajeshi waliopooza mikono na miguu ambao hawakuweza kusukuma kiti cha kawaida. Mtu ambaye mikono imekataa ndo aliyefikiriwa tangu siku ya kwanza.

Njia ziko nyingi. Kuna joistiki ndogo ya kidevu. Kuna vihisio ndani ya mto wa kichwa, ukiegemea nyuma kiti kinaenda mbele, ukigusa pembeni kinakata kona. Kuna mrija wa mdomoni, ambao mara nyingi ukipuliza kwa nguvu kinaenda mbele, ukifyonza kwa nguvu kinarudi, na kupuliza au kufyonza kidogo ndo kukata kona, ila huo unataka mapafu yenye nguvu na midomo inayofunga vizuri, kwahiyo kwa ugonjwa wa mumeo sio wa kuutegemea muda mrefu. Kuna vibatani vinavyohitaji mguso wa kidole kimoja usio na uzito kabisa. Na kuna macho, kamera inafuata unapotazama.

Nakuomba jambo moja ulisimamie: mkiwa mnaagiza kiti, ulizeni kama ubongo wake wa umeme unaweza kuongezewa njia nyingine baadaye. Kuna viti ambavyo joistiki imefungwa moja kwa moja na hakuna pengine pa kuchomeka, siku mkono ukiisha kiti nacho kinaisha na mnaanza upya wakati hamna hata nguvu ya kuanza upya. Na kifungwe swichi ya kusimamisha ambayo yeye mwenyewe anaifikia, na nyingine ya msaidizi nyuma. Anza kumzoesha kichwa sasa hivi wakati mkono bado upo, nusu saa kwa siku, asijifunze akiwa na hofu.

Ni kweli kuna kiti kinachopanda ngazi? Nyumba yetu ni ghorofa. – Msomaji

Kweli. Dean Kamen wa Marekani alitengeneza iBOT, kinapanda ngazi na kinasimama kwa magurudumu mawili mtu akawa usawa wa macho na aliyesimama, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikiidhinisha 2003, kiwandani wakaacha kukitengeneza 2009, baadaye kikarudi. Vipo na vingine vya minyororo kama trekta ambavyo mara nyingi vinataka msaidizi. Ila kama chumba cha chini kipo, hamishieni kitanda chini. Kifaa cha kupanda ngazi kikiharibika mtu yuko juu ndo mtajua nachosema.

Nasafiri kwa ndege na kiti cha kukunja cha lithiamu. Kitapita? – Abiria

Tazama volti na ampea-saa kwenye betri uzidishe, mfano 24 mara 10 ni wati-saa 240. Kwa kiti ambacho betri inachomolewa, kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu betri moja isiyozidi wati-saa 300, au mbili zisizozidi 160 kila moja, unaichomoa unaingia nayo kwenye kebini ikiwa imefunikwa ncha zake. Waambie shirika mapema unapokata tiketi, na kiti kibandike karatasi kubwa yenye maelezo ya jinsi ya kukikunja na pasipotakiwa kushikwa.

Fundi, bibi ana miaka 84, miguu imechoka. Tumemletea kiti kizuri hataki hata kukigusa, anasema akikikalia ndo amekwisha, hatatembea tena. Tumshawishije? – Mjukuu

Kwanza bibi hana kosa, na anachoogopa kipo, misuli isiyotumika inanywea kweli. Kwahiyo msimwambie "hutatembea tena utakaa hapa". Mwambieni kiti ni cha mbali. Ndani aendelee na fimbo yake au fremu, kwenda chooni kwa miguu, kwenda jikoni kwa miguu, lakini ile safari ya kwenda kuwaona wenzake ambayo ameiacha tangu miguu ianze, hiyo ndo ya kiti. Nimeona wazee wengi wakitembea vizuri zaidi ndani baada ya kupata kiti, kwa sababu nguvu zote hawazimalizii njiani.

Na ulizeni alishirikishwa wakati wa kukinunua? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti mwendo mwaka 2023 na linahesabu watu karibu milioni 80 wanaohitaji kiti, na humo linataka hatua nne, kuchagua pamoja na mwenyewe, kukirekebisha kimkae mwilini, kumfundisha, na kumfuatilia. Familia nyingi zinaleta kiti kwenye boksi na kushangaa mbona hafurahi.

Sasa fanyeni hivi. Tafuteni mahali pa wazi asubuhi kusipo na watu wa kumwangalia, kasi ishushwe mpaka ya chini kabisa, nyie kaeni mbali kidogo. Mkono wa kwenye joistiki uwe wake peke yake, mtu asimshike, asimsukume bila kumuuliza, kile kiti kikishakuwa na bibi ni sehemu ya mwili wake. Aanze na kukisimamisha kiti. Kwenda hatua mbili, achia, simama. Tena. Akishaona kwamba akiachia tu kinasimama papo hapo, hofu inapungua, ndo aende kona, afu kurudi nyuma baada ya kugeuza kichwa kutazama. Kama ana usahaulifu mwangalieni hapo hapo: mkimwambia simama anasimama? Anakumbuka kutazama nyuma bila kukumbushwa? Kama hapana, basi kiwe na joistiki ya msaidizi na bibi apelekwe, sio aendeshe.

Siku ya kwanza dakika kumi zinatosha, akisema imetosha mzime, mrudi ndani kwa miguu yake.